Jinsi ya kuishi na hasira ya kazini: kutoka kwa fundi cherehani wa Moshi

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko Moshi mjini, mtaa wa nyuma ya soko la Mbuyuni, na nashona nguo za kike: magauni ya sendofu, sare za harusi, vitenge vya kwenda kanisani. Ukitaka kumpima mtu na hasira zake, mpe kazi hii mwezi wa kumi na mbili. Wachaga walioko Dar, Mwanza na Dodoma wanarudi kihamba, yaani kwenye shamba la ukoo, kula Krismasi, harusi zinafuatana Jumamosi kwa Jumamosi, na kila mteja anataka nguo yake ndiyo ipande mezani kwanza. Ninayoandika hapa nayatumia kazini kila siku, lakini yatamfaa pia nesi, mwalimu, kondakta, dada wa mapokezi hotelini, yeyote ambaye riziki yake iko mikononi mwa watu.

Tukiambiwa tudhibiti hisia, picha inayotujia ni ya mtu aliyeuma meno, ndani anachemka, nje anatabasamu. Kwangu mimi huyo kashachelewa. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, aliyapanga mambo haya kwa hatua. Unaweza kuchagua ni hali gani uingie na ipi uikwepe. Ukishaingia, unaweza kuibadilisha. Ikishindikana, unaweza kuhamisha macho na mawazo yako, au kulielewa jambo kwa namna nyingine. Mwisho kabisa, hisia ikiwa imeshawaka, unaweza kuizuia isionekane. Sisi tunakimbilia hiyo ya mwisho, na ndiyo ghali kuliko zote. Kwa hiyo karibu kila ninachokushauri ni cha kufanya hasira ikiwa bado mbali na mdomo.

Anza na daftari la kazi

Ugomvi mwingi wa kwenye fremu unazaliwa na maneno mawili: njoo kesho. Fundi anajua kabisa kwamba gauni halijakatwa, lakini mteja kasimama mlangoni na uso wenye matumaini, na kumwambia "bado" ni aibu. Basi anasema njoo kesho, ili aibu ipite. Inapita hadi kesho yake, mteja anaporudi na dada zake wawili. Watu wanasema mafundi ni waongo. Mimi naona ni waoga. Hisia ya kwanza unayotakiwa kuishughulikia, kabla ya hasira ya mteja na kabla ya ya kwako, ni huo woga wa kusema hapana.

Fanya hivi. Hesabu magauni unayoweza kuyamaliza kwa wiki ukiwa unalala usiku, halafu punguza mawili, maana umeme utakatika na sindano ya mashine ya ovaloki itavunjika Ijumaa saa kumi. Tarehe ziandike ukutani kwa maandishi makubwa, mteja azione mwenyewe. Wiki ikijaa, imejaa. Maneno ya kukataa uyaandae mapema, usiyatunge ukiwa umebanwa. Mimi nasema: "Mama, kitambaa ni kizuri na ningependa kukishona, ila kabla ya tarehe 28 siwezi. Kama una haraka, pale kona yuko fundi mzuri, mwambie nimekuelekeza mimi." Ndiyo, nampa jirani kazi. Mteja huyo Pasaka anarudi kwangu, maana ameshajua nikimwambia Ijumaa ni Ijumaa.

Kama umeshachelewa, piga simu wewe kabla hajaja yeye. Aliyeambiwa Jumatano kwamba nguo inasogea hadi Ijumaa atanung'unika dakika mbili, yameisha. Yuleyule akipanda daladala kutoka Himo, ameacha mtoto kwa jirani, akakuta gauni bado ni vipande na bitana, hapo usimlaumu akikuwakia. Na siku yako iachie akiba, kama unavyoacha inchi moja ya mshono kila upande: ukishakata hadi mwisho wa kitambaa, huna pa kuongezea.

Jambo jingine la mapema ni mwili. Desemba tunakesha, tena tunajisifu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu walionyimwa usingizi usiku mmoja na kuonyeshwa picha za kuudhi. Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshtukia hatari, iliwaka kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa wale waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza na kupima mambo, yalikuwa yamelegea. Fundi aliyekesha si lazima awe na tabia mbaya. Breki ndiyo hana. Ukilazimika kukesha leo, kesho usipange kupima nguo za maharusi. Njaa nayo ni hivyohivyo. Mimi sipokei mteja mgumu kabla ya mtori.

Mteja anapofoka

Hata ukipanga vipi, kuna siku itawaka. Chukua mfano wa dada aliyekuja Ijumaa mchana, sendofu ni Jumamosi. Ameingia nyuma ya pazia kujaribu, zipu imepanda hadi mbavuni ikagoma. Akatoka na pazia nusu. "Fundi, umeniharibia! Kitambaa hiki kimetoka Dar, nakipata wapi tena leo?" Kwenye benchi wamekaa wateja wengine wawili, wamenyamaza kabisa, wanasikiliza.

Kwanza toa mguu kwenye pedali na weka mkasi mezani. Usiwahi kujibu ukiwa umeushika. Mtu anayefokewa huku ana mkasi wa kukatia mkononi anatisha hata akiwa mpole. Tena mkono ulioshika kitu unakaza bega, bega linakaza shingo, na sauti ikipita hapo inatoka kali bila wewe kutaka.

Pili, pumua. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Pumzi inayotoka taratibu inaamsha neva ya vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo ya moyo. Tatu tu zinatosha. Mteja hatajua, ataona fundi anakagua mshono.

Tatu, ukiwa unapumua, iite hisia yako kwa jina lake, kimoyomoyo. Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu, matokeo wakayatoa mwaka huohuo wa 2007. Mtu alipoitaja kwa neno hisia aliyoiona usoni, amigdala yake ilitulia kuliko alipopewa kazi nyingine kwa picha zilezile. Ila taja kwa usahihi. Mara nyingi "nimekasirika" si jibu kamili. Siku ile mimi nilichokuwa nacho ni aibu mbele ya wale wawili wa kwenye benchi, na aibu haitaki ugomvi, inataka kazi ionekane.

Kwa hiyo nne, rudisha macho ya wote kwenye nguo. "Pole dada. Hebu simama hapa kwenye mwanga, nionyeshe kwa kidole inakubana wapi." Mtu akianza kuonyesha, kelele inapungua yenyewe, maana sasa mnatazama kitu kimoja. Akaonyesha mbavuni, pande zote mbili. Nikageuza nguo, nikamwonyesha inchi niliyoiacha ndani. "Nikifumua pembeni huku na huku napata inchi mbili. Nipe saa moja. Kaa hapo, kuna soda."

Tano, na hii ndiyo inayobadilisha mambo zaidi kuliko zote: jiulize huyu mtu anafokea nini hasa. Kesho yake dada yule angesimama mbele ya ukoo wake na wa mumewe mtarajiwa, kamera zinawaka, mawifi wanamkagua kuanzia kisigino hadi kilemba. Zipu ilikuwa ndogo kuliko hofu yake. Ukiliona hilo, hasira yako inakosa pa kushikia. Lakini usijidanganye. Tafsiri unayoitafuta lazima iwe ya kweli, si kujiimbia kwamba kila mteja ni malaika. Wapo wakorofi, na ukorofi wao uuone ulivyo.

Na akivuka mpaka, akatukana wazazi wako au akamrushia nguo binti unayemfundisha, hapo hakuna cha kutafsiri upya. Punguza sauti, usipandishe: "Dada, nguo nitaitengeneza. Matusi hapana. Ukikaa tutaendelea." Halafu nyamaza. Usiongeze "unanijua mimi?" wala historia ya wateja wengine. Kila neno la ziada ni kuni.

Kumezea, na kumwaga

Kumezea ndiyo dawa tuliyolelewa nayo, hasa wanaume. Jikaze kiume. Kwa dakika mbili mbele ya mteja ni sawa, hata mimi namezea. Tatizo ni kulifanya ndiyo maisha. Mwaka 2003 Gross na mwenzake Oliver John walionyesha kwamba watu wenye mazoea ya kuficha hisia huonja furaha kidogo kuliko wengine na ukaribu wao na watu ni hafifu, wakati wale wenye mazoea ya kuliangalia jambo upya mapema wako vizuri kote kuwili. Mwaka huohuo kulikuwa na jaribio jingine lililonigusa zaidi. Wanawake wasiofahamiana waliwekwa wawili wawili, wakatazama filamu ya kuhuzunisha, kisha wakaizungumzia. Katika baadhi ya jozi mmoja aliagizwa afiche hisia zake bila mwenzake kujua. Presha ya yule mwenzake, asiyejua lolote, ilipanda. Kwa hiyo ukirudi nyumbani ukaulizwa "vipi leo?" ukajibu "hamna kitu" na taya limekaza, jua kwamba humfichi mtu. Mwili wake umeshasoma.

Wanaolipwa kutabasamu wanalijua hili zaidi. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliwachunguza wahudumu wa ndege wa Marekani na mwaka 1983 akaeleza tofauti kati ya anayeigiza kwa uso tu na anayejitahidi kuamsha hisia yenyewe ndani. Yule wa kwanza huchoka vibaya. Binamu yangu anafanya kazi hotelini, anakaribisha wageni wanaoteremka mlimani, na njia yake ni ile ya pili, bila kufundishwa na yeyote: kabla ya kusema "karibu sana" anamtazama mgeni miguuni. Akiona viatu vilivyojaa vumbi na soksi zilizoganda, huruma inakuja yenyewe, na tabasamu linakuwa la kweli.

Sasa usije ukadhani kinyume cha kumezea ni kumwaga. Nimewasikia mafundi wakisema hasira itolewe, piga meza, piga kelele, utapata nafuu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alilipima hilo mwaka 2002. Wanafunzi wa chuo waliokasirishwa walipewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya chochote. Kwetu mfuko wa ngumi ni jirani wa fremu ya pili. Mteja kaondoka saa sita. Hadi saa kumi bado tunamsema, tunaiga sauti yake, tunaongeza chumvi, na kila tukirudia tunawaka upya. Mweleze jirani mara moja, kwa lengo: "Nisaidie, ungekuwa wewe ungemjibuje?" Ukishapata jibu, funga. Mazungumzo yahamie Simba na Yanga.

Mwanafunzi aliyekata vibaya

Huku ndiko hasira ya fundi inakoharibu pesa zake mwenyewe. Binti anayejifunza amekata mikono ya gauni yote miwili ya upande wa kushoto, na kwa kuwa kitenge kina picha ya ndege, amewakata ndege wakatazama chini. Ameona. Ameogopa. Amekunja vipande, amevificha chini ya mfuko wa vitambaa vya wateja wengine. Utavikuta baada ya wiki, mteja yuko njiani, na duka lililouza kitenge kile limeshakimaliza. Angekuambia dakika ileile, ungemtuma Mbuyuni akanunua kipande, hasara ikaishia hapo.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini huko Marekani, akitarajia timu bora ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba wauguzi wa timu hizo hawakuogopa kusema. Kwenye fremu nimeligeuza kuwa kanuni moja: swali la kwanza likiwa limetokea kosa ni "kitambaa kimebaki kiasi gani?" Swali la "nani kakata?" linasubiri jioni, nguo ikiwa imeshapata ufumbuzi, na tunaliuliza tukiwa wawili, si mbele ya benchi. Akikosea jambo lilelile kila mara, mwondoe kwenye mkasi kwa muda, mpe kufumua na kupiga pasi. Hiyo ni adhabu tosha na haina kelele.

Kufika nyumbani

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Naye anarudi na ya kwake: darasa limejaa, mzazi kaja juu, sauti imekauka. Mkikutana mlangoni wote mmejaa, chumvi kwenye mboga inatosha kuwasha nyumba. Tulichokubaliana ni kila mtu aseme hali yake kwa sentensi moja kabla ya jambo lolote la fedha: "Leo nimefokewa, nipe nusu saa," au "leo nimechoka, ila niko sawa." Si lazima ueleze kisa chote. Mwenzako anachohitaji kujua ni kwamba uso huo hukuuvaa kwa ajili yake.

Mkiwa mmeshaanza kubishana, angalia moyo. John Gottman, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanandoa, anasema mapigo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikilizi tena, anajilinda tu, na anashauri mapumziko ya dakika 20 au zaidi. Hapa kuna mtego. Ukiondoka bila kusema unarudi lini, huko ni kununa, na mwenzako ana haki ya kukufuata hadi barabarani. Sema: "Natoka nusu saa, nikirudi tutaongea." Na ukiwa nje usiende kuandaa hoja. Chota maji, chambua maharage, tembea hadi dukani. Desemba hili linahitajika mara nyingi, maana michango ya harusi, nauli za ndugu na mchango wa ndafu vinafika wiki moja.

Kwa ugomvi uliokomaa, wazee wetu wa Kichaga waliacha jani la isale, mmea wa kuombea msamaha. Anayeomba msamaha analileta, au anamtuma mzee amfikishie aliyemkosea, na likishaletwa kukataa ni vigumu. Vijana wa mjini wanalicheka. Mimi naliheshimu kwa sababu ya kazi linayoifanya: linampa mwenye kosa njia ya kuanza bila hotuba, na safari ya mzee kupanda hadi kwa watu wale inawapa wote muda wa kupoa.

Hasira isiyotakiwa kutulizwa, na huzuni isiyoisha

Mteja aliyechukua sare za watu kumi na hajalipa hadi leo, hasira yangu kwake ni halali na sitaki kuipumulia. Naitumia. Nimeandika deni, ameweka sahihi, na likikwama tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukijituliza kila mara mahali ambapo ulitakiwa kudai, utakuwa mpole na maskini.

Huzuni ni habari nyingine. Kama wiki mbili zimepita na karibu kila siku moyo ni mzito, kazi uliyoipenda haina ladha, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hayo si mambo ya pumzi sita. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri wiki yoyote, nenda leo na mtu wa kukusindikiza. Hapa Moshi nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, ulizia huduma ya afya ya akili. Kama unaona aibu kuanzia hospitali, anza na mtu mzima unayemwamini. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ukienda hospitali, andika kwanza kwenye karatasi nyumbani: imeanza lini, unalala saa ngapi, unakula nini, unatumia dawa gani, pombe kiasi gani. Foleni ni ndefu, na ukifika mbele ya daktari utasahau nusu. Mpe karatasi aisome.